Dawa za Marehemu Hazirithiwi

Zuhura alipofungua mfuko wa dawa za marehemu baba yake, harufu ilinifikia kabla sijaona kilichomo. Ni harufu ya dawa zilizokaa sana ndani ya nyumba: uchungu mkavu, vumbi kama la chaki, na kwa mbali kitu kitamu kilichochacha. Zuhura ni muuguzi, pua yake imeshazoea. Mimi nilishika ukuta. Watoto wa siku hizi wakikuona umeshika ukuta wanakimbilia kukupima presha, na Zuhura naye akataka kunipima. Nikamwambia aniache, nimesimama tu muda mrefu.

"Shangazi, arobaini ya baba imepita," alisema. "Hizi dawa zake tuzitupe wapi?"

Kwetu swali hilo huulizwa dada wa marehemu. Ndiye anayesema kanzu apewe nani, kitanda kiende kwa nani, na dawa zilizobaki zitolewe vipi ndani ya nyumba. Nilijua siku moja nitaulizwa, kama Mungu angenijalia nimzike Sefu badala ya yeye kunizika mimi. Nimelisubiri swali hilo maisha yangu yote, na lilipokuja nilijikuta nimechoka hata kulijibu. Sefu alikuwa mdogo wangu, tumbo moja. Ameishi kiziwi tangu utotoni, akawa fundi seremala mzuri hapa Korogwe, akaoa, akazaa, akazika mke, na yeye sasa tumemzika. Ukoo wetu wote unajua uziwi wake ulitoka wapi. Angalau wanadhani wanajua.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, tukikaa Kang'ata. Baba alikata mkonge kwenye shamba moja upande wa Korogwe, kwa hiyo nyumbani alikuwa kama mgeni. Alikuja kipande chake kilipojaa, ile kadi ya kazi ya siku thelathini, akakaa siku chache akinuka nyuzi za mkonge na sabuni ya magadi, kisha akachukua tena fimbo yake na kurudi. Baba za wenzetu walikuja na sukari na kaniki. Baba yetu alileta sukari, akaleta kaniki, na akaleta dawa.

Huko shambani kulikuwa na dresa aliyewagawia wafanyakazi vidonge vya homa na chupa za kifua. Baba alikunywa dawa zake mpaka siku aliyoweza kusimama na kushika panga. Akishasimama tu, zilizobaki alizifunga kwenye kitambaa na kutuletea. Kutoka kwetu mpaka kwenye zahanati kulikuwa na mwendo wa siku nzima, na yeye hakuweza kulala huko Korogwe akifikiria watoto wake wana homa. Mama alimwuliza mara moja kwa nini hamalizi dawa zake. Baba akacheka.

"We mke wangu umelima tangu utoto," alimwambia. "Umewahi kuona mtu anakula mahindi yote mpaka mbegu?"

Basi dawa zetu ziliwekwa mahali pa mbegu. Juu ya mafiga, pale moshi unapofukiza mahindi ya kupanda msimu ujao, palining'inia kopo la biskuti lenye picha ya mfalme wa Waingereza. Mfalme alikuwa amevaa taji na uso wake ulikuwa umefanya masizi. Mimi nilikuwa naamini kwamba homa zote ni mali yake, ndiyo maana dawa zinakaa kwake. Ndani ya kopo vidonge vilichanganyika, vya msimu huu na vya misimu iliyopita, vyeupe vya kichwa, vya manjano ambavyo hakuna aliyekumbuka ni vya nini, na vya waridi. Vile vya waridi vilikuwa kwinini, vimepakwa sukari juu. Mtoto akipandisha joto, mama alishusha kopo, akachambua kama anayechambua mchele, akampa kimoja. Alituhimiza tumeze haraka. Mimi nilimeza. Sefu alikuwa mjanja zaidi, alikinyonya mpaka utamu uishe na uchungu utokee, ndipo alie aletewe maji.

Kisha kikaja kifua cha baba. Alirudi na kikohozi ambacho hakikuondoka, akarudi Korogwe nacho, akaja nacho tena, na mara ya mwisho aliletwa kwenye lori la Bwana Premji, Mhindi mwenye duka pale Handeni mjini aliyekuwa akinunua mahindi vijijini. Baba alikuwa na chupa mbili za dawa ya kahawia. Moja ilikuwa nusu, nyingine haijafunguliwa kabisa. Alisema hii ya pili ni ya Sefu, kwa sababu Sefu ana kifua chepesi wakati wa baridi. Mama alimsihi ainywe. Akasema ataanza kesho. Baba yangu alikufa kopo limejaa, na hilo nimelifikiria maishani kuliko mambo mengi ninayopaswa kuyafikiria.

Mama akakaa eda. Shangazi Mwanaidi, dada yake baba, alitoka Mazingara akaja kukaa nasi miezi ile yote ili mama asitoke nje. Shangazi alikuwa mwanamke mrefu, sauti yake nzito, mkali kwa maneno na mwepesi kwa mikono. Alitutekea maji, akatulimia, akatupikia, huku akitutukana kuwa tu walafi kama nzige. Tulimpenda. Usiku alilala mlangoni, akisema mjane hapaswi kulala bila mtu mlangoni.

Siku eda ilipokwisha shangazi aliamka na mapambazuko. Akamwogesha mama, akamvika nguo mpya, akafagia nyumba mpaka pembe zote. Kisha akasimama chini ya lile kopo, akaliangalia. Akalishusha.

"Dawa za marehemu hazirithiwi," alisema. "Na eda ikisha, hazilali ndani."

Mama alitaka kusema neno, nikamwona. Nadhani alikuwa anazifikiria homa zetu za masika. Lakini huwezi kumkatalia wifi siku kama ile. Shangazi akaniita mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa binti mkubwa wa marehemu, ingawa ukubwa wenyewe ulikuwa wa meno yaliyong'oka juzi.

"Nenda njia panda. Mwaga zote katikati ya njia, na za chupa mwaga. Ukigeuka, usitazame nyuma. Kopo urudi nalo, kopo halina kosa."

Sikujua wakati ule maana ya jambo lile, na hakuna aliyenieleza, watoto hatukuelezwa. Baadaye sana nilikuja kuelewa walivyofikiri wazee. Ugonjwa ukimwagwa mahali watu wengi wanapopita, kila mguu huondoka na chembe ndogo isiyoweza kumdhuru mtu, na mwisho ugonjwa unakwisha wenyewe kwa kugawanywa. Ni kama kubeba mzigo wa jirani kwa zamu. Mimi na akili yangu ya kitoto nilielewa kinyume. Nilikuwa nimesikia tu kwamba dawa hizo zina ugonjwa wa baba, na nikaamini kwamba wa kwanza kuzikanyaga atauchukua wote, kikohozi, damu, jasho la usiku, vyote.

Na njia panda yenyewe ilikuwa pale njia ya Mazingara inapokutana na njia ya kisimani. Kesho yake asubuhi, baada ya miezi yote ile ya kukaa ndani, mama angetoka kwenda kisimani kwa mara ya kwanza.

Nilifika pale nimebeba mfalme wangu kifuani. Umande ulikuwa bado kwenye majani. Nilisimama katikati ya njia nikaona nyayo za watu wa jana, na nikaziona za mama za kesho, kwa macho yangu haya, miguu yake myembamba yenye ufa kisiginoni. Nikashindwa. Sikuwa mtoto mkaidi, kila mtu atakwambia. Nililia kidogo, kisha nikaacha kulia, nikaingia shamba letu la muhogo. Katikati ya shamba kulikuwa na kichuguu kikubwa cha zamani, mchwa wamekihama, kina tundu ubavuni linaloingia mkono mpaka kwenye kiwiko. Humo nilimimina vidonge vyote. Dawa ya chupa niliimwaga mizizini mwa muhogo. Nikaziba tundu kwa jiwe na majani.

Nilipoinuka, Sefu alikuwa amesimama nyuma yangu. Alikuwa hana nguo, ana kipande cha muhogo mkononi, ameniangalia muda gani sijui.

"Dada, mbona unaweka huku?"

"Nikimwaga njiani mama atakanyaga," nikamwambia. "Atakohoa kama baba. Unataka mama akohoe?"

Akatikisa kichwa.

"Ukiulizwa, sema nimemwaga njia panda. Umesikia? Usimwambie mtu." Na nikaweka kidole mdomoni, hivi, nikamkazia macho.

Naye akaweka kidole chake mdomoni, kidole chenye udongo, akaniitikia. Tukarudi nyumbani, kopo tupu likilia tiktik kwa kizibo chake. Shangazi akauliza kama niligeuka kutazama nyuma. Nikasema sikugeuka. Hilo lilikuwa kweli.

Siku ya tatu, jua limeshapanda, Sefu alitokea upande wa shamba akitembea kama mlevi. Alitapika mlangoni. Kwenye matapishi kulikuwa na rangi ya waridi. Mama alipomshika, alikuwa anatetemeka, macho yamemtoka, na analalamika juu ya nyenje. Mchana ule hapakuwa na nyenje hata mmoja anayelia.

"Dada, wafukuze," alikuwa ananiambia mimi, si mama. "Wafukuze nyenje, wanapiga kelele kichwani."

Mama alimwuliza amekula nini. Alimwuliza kwa upole, kisha kwa kumtikisa. Sefu alinitazama. Wala hakunitazama kwa kulaumu, hilo ndilo linaloniumiza. Alinitazama kama mtu anayekumbuka alichoagizwa.

"Njia panda," alisema. "Nimeokota njia panda."

Na mimi nilikuwa nimesimama palepale, nina mdomo, nina ulimi. Ningesema tu. Hata kama ningechapwa, ningechapwa siku moja. Nikanyamaza. Shangazi Mwanaidi alikuwa anatoka jikoni na mwiko mkononi, akasikia neno lile, na mwiko ukamwanguka. Sijaona tena uso wa mtu mzima ukivunjika vile.

Mama alimbeba mgongoni mpaka barabarani. Mimi nilikimbia nyuma, na shangazi alikimbia nyuma yangu akisoma dua kwa sauti yake nzito. Lori la Bwana Premji lilikuwa linapakia mahindi. Alikuwa mtu wa maneno machache, alizoea kutufukuza tusikalie magunia. Alimwona Sefu, akamwambia dereva wake aache kupakia.

"Mweke mbele, mama. Huyu atakwenda Korogwe sasa hivi," alisema. "Gunia zitangoja."

Safari ile sikumbuki barabara. Nakumbuka joto la injini miguuni, na Sefu amelazwa mapajani mwa mama akigeuza kichwa huku na huku, na mama akimwita jina lake kila baada ya muda mfupi ili asilale. Tulipokaribia Korogwe milima ya Lutindi ilionekana imejaa mawingu, na mama akasema, bila kumwambia yeyote, kwamba huko juu kuna baridi. Ndiyo maneno pekee aliyosema ambayo hayakuwa jina la mtoto.

Pale hospitali dresa aliyetupokea alikuwa mtu mzima, ana mvi, koti lake lina madoa ya aidini. Alimtapisha Sefu mpaka akatoa nyongo. Akamwuliza mama kila kitu, na mama akamweleza yote: mume, kopo, eda, njia panda. Nilidhani atatucheka au atatugombeza. Alikaa kwenye benchi karibu na mama, akavua miwani.

"Mama, dawa haina macho," alimwambia. "Haimjui mwenye homa na asiye na homa. Ikibaki, turudishie sisi tulioitoa. Kama ni mbali, iponde, ichanganye na majivu na mavi ya ng'ombe, iwe kitu ambacho kuku hatadonoa wala mtoto hatatamani. Kisha itie chooni, shimo refu. Njiani usiimwage, na darini usiitundike."

"Mume wangu alizibakiza kwa ajili yao," mama alisema.

"Najua," dresa akasema. "Wengi wanafanya hivyo. Na wao hawaponi."

Sefu hakufa. Usiku wa kwanza alitupa mikono na miguu, wa pili akatulia, wa tatu akaomba uji. Mama alilia kwa furaha, akaniambia, "Mpe kaka yako uji," ingawa ni mimi niliyekuwa mkubwa, alikuwa amechanganyikiwa. Asubuhi iliyofuata nilimwita Sefu kutoka mlangoni, hakugeuka. Nikadhani amenikasirikia. Kisha mhudumu mmoja akaangusha bakuli la bati sakafuni, wodi nzima ikashtuka, mama akashtuka, na Sefu aliendelea kuchezea upindo wa blanketi. Dresa alikuja, akapiga makofi nyuma ya sikio lake la kulia, kisha la kushoto. Akasema kwinini imeziba masikio, huenda yakarudi. Hayakurudi.

Tuliporudi nyumbani shangazi alikuwa ameshafunga mzigo wake. Mama hakumfukuza, wala hakumtukana. Alimwambia tu, "Wifi, nenda nyumbani ukapumzike," na tangu siku ile hakumtazama usoni. Ukoo nao ukamaliza kesi bila baraza: Mwanaidi na mila zake za njia panda ndiye aliyemharibu mtoto wa kaka yake. Walimsema kisimani, walimsema misibani. Yeye hakujitetea. Kila msimu wa asali alitembea kutoka Mazingara mpaka kwetu na kibuyu cha asali ya Sefu, anakiweka mlangoni, anauliza hali, anarudi. Hakuingia tena ndani ya nyumba ile. Kopo la mfalme nalo mama alilitoboa, akapandia vitunguu.

Wasomaji wangu, mmeshaanza kunihesabia nafasi nilizopata za kusema. Nami nimezihesabu. Mwanzoni niliogopa fimbo. Halafu nikaogopa kwamba mama hatanipenda. Nikawa msichana, nikaona haya. Nikaolewa, nikawa na watoto, na jambo lenyewe likawa la zamani mno, nani afukue? Ndivyo nilivyojiambia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nikajiona mwerevu kwa kuwa sikuwa na maradhi, nilikuwa na siri tu.

Mara moja nilikwenda kabisa. Shangazi Mwanaidi alikuwa amelala kitandani Mazingara, macho hayaoni tena, na nilisafiri na kusudi hilo moja. Nilikaa kwenye kigoda, nikamshika mkono, nikasema, "Shikamoo shangazi, nina neno." Kabla sijalitoa, yeye akanitangulia.

"Marahaba mwanangu. Najua umekuja kwa ajili ya nini," alisema. "Nami nataka unisamehe. Nilikutuma wewe, mtoto mdogo, kumwaga kile kilichomharibu ndugu yako. Nisamehe, nife nimetulia."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikamsamehe. Nilisema, "Nimekusamehe, shangazi." Akanibusu kiganja. Nilirudi nyumbani na neno langu.

Sefu mwenyewe alikua. Maneno aliyokuwa nayo yalikauka taratibu kwa kukosa kuyasikia, yakabaki machache, "mama", "uji", "dada" iliyokuwa kama "dah". Akajenga lugha yake ya mikono, na sisi tukaifuata. Kila mtu alikuwa na jina. Mama alikuwa kugusa kisigino. Bwana Premji alikuwa kuzungusha usukani. Mimi, jina langu lilikuwa kidole mdomoni. Alipoanza kuniita hivyo, mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu Korogwe. Akasema mtoto kiziwi ameona jinsi ninavyopayuka, ananinyamazisha. Utani ukashika. Shemeji zangu walinitania, watoto wake walinitania, na mimi nilicheka pamoja nao. Alikuwa ananiita hivyo misibani, harusini, kutoka ng'ambo ya barabara pale Korogwe, mzee wa mvi na randa mkononi, kidole mdomoni, akitabasamu. Sijui alikuwa anakumbuka kiasi gani. Sikuwahi kumwuliza. Nilikuwa najua ishara zote isipokuwa za swali hilo.

Na kitu kingine. Dawa zilizobaki nyumbani kwake hakumwachia mtu azitoe. Aliziponda mwenyewe kwenye kopo, akachanganya na majivu na vumbi la mbao, akazipeleka chooni, kisha akarudi akawaonyesha watoto viganja vyake vitupu, mbele na nyuma. Zuhura ananiambia ndiyo kumbukumbu yake ya kwanza ya baba yake.

Basi Zuhura alikuwa bado amesimama na mfuko wa bluu, anangoja shangazi aseme. Za presha, za sukari, za maumivu, nyingine zimeisha muda tangu alipolala kitandani na kushindwa kuziponda. Nilitaka kumwambia fanya kama baba yako. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukisema jambo lingine.

"Hazikuwa njia panda," nikasema.

"Nini, shangazi?"

Nikaketi kitandani mwa Sefu nikamweleza. Kichuguu, jiwe, majani, rangi ya waridi. Nilimweleza nilivyomsamehe Mwanaidi. Nilieleza vibaya, kwa kurudiarudia, maana jambo lililokaa miaka yote hiyo halitoki limenyooka. Zuhura hakunikatiza. Wauguzi wamezoea kusikiliza watu wakitapika. Nilipomaliza aliweka mfuko chini, akakaa kando yangu. Kisha akasema kesho ataupeleka mfuko hospitali, kwenye dirisha la dawa, wao wana utaratibu wa kuziteketeza.

"Tutakwenda wote," nikamwambia. "Na Ijumaa utanipeleka Mazingara. Wajukuu wa Mwanaidi wapo. Nitawaambia mimi mwenyewe, nikiwa bado na pumzi."

"Miguu yako, shangazi."

"Miguu yangu imechoka tangu zamani. Twende nayo hivyo hivyo."

Mlango ukasukumwa. Alikuwa binti mdogo wa Zuhura, wa miaka mitano, sijui sita, ametumwa kuniita nikale. Katika nyumba ile watoto hujifunza jina langu la mikono kabla ya lile la mdomo. Alisimama kizingitini, akanitazama, akaweka kidole mdomoni.

Zuhura akainuka kwa haraka akaushika mkono wa mtoto, akaushusha.

"Mwache," nikamwambia. "Ndilo jina langu."